Fungua Sipiyu Kwanza



Juzijuzi magharibi alibisha hodi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, hapa kwangu Chikongola, Mtwara. Shikamoo mjomba, marahaba, akaketi. Akakaribishwa chakula, akasema ameshiba. Ninyi mliozaliwa pwani hii ya kusini mnajua maana yake. Mpwa akikataa chakula cha mjomba, ana shauri, na shauri lenyewe si jepesi. Kwetu Wamakonde, na kwa ndugu zetu Wamakua na Wayao, mjomba hana pa kujificha. Mahari ni yeye, jando ni yeye, msiba ni yeye. Siku hizi, kumbe, hata kadi ya picha ya kompyuta ni yeye.

Hela hakuja kuomba. Hela alikuwa nazo, mama yake kauza korosho na kamkatia fungu lake. Alichotaka ni baraka za mjomba fundi. Akatoa simu, akanionyesha picha ya kadi iliyokuwa inauzwa Kariakoo: feni mbili, taa nyekundu pembeni, na maneno ya muuzaji chini yake kwamba mashine hii inacheza kila kitu. "Mjomba, nisipotuma hela kesho asubuhi, inaondoka."

Nikamuuliza swali moja tu. Pawa saplai yako ni wati ngapi?

Akaniangalia kama nimemuuliza jina la bibi yake babu yake.

Basi leo ninataka kuzungumza na huyu kijana na wenzake wote, kwa sababu si mmoja. Ni wale waliochoka kulipia zamu kwenye vibanda vya gemu, wakajipatia kompyuta ya mezani, na sasa wanataka iweze kubeba gemu za maana. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye jembe sina ubishi. Kwenye kadi ya picha, asiyechagua ndiye ninayemwona wiki ya pili akija kwangu na sipiyu mgongoni mwa bodaboda, na harufu ya kuungua imemtangulia mlangoni.

Kwanza tuelewane maneno. Sisi hapa kile kisanduku kizima tunakiita sipiyu. Kitaalamu sipiyu ni kile kijipande kimoja tu kilichokaa katikati ya madabodi, ile bodi kuu, ndiyo prosesa yenyewe. Lakini sitabishana na mji mzima. Nikisema sipiyu leo, nina maana ya kisanduku. Na kadi ya picha ni ile bodi ya pili inayochomekwa ndani yake, yenye chipu yake, kumbukumbu yake na feni zake, kazi yake kuchora kila unachokiona kwenye kioo: nyasi za uwanja, jasho la mchezaji, moshi wa gari. Gemu ikikwamakwama kama gari lililoishiwa mafuta, mara nyingi mchoraji ndiye aliyezidiwa.

Asubuhi yake mpwa akaleta sipiyu yake. Tukaitandikia mkeka barazani, nikachukua bisibisi. Skrubu mbili za nyuma zilikuwa zimekula kutu hadi nikazidondoshea mafuta ya cherehani na kusubiri. Kifuniko kilipotoka, ndani mlikuwa na vumbi laini kama unga wa muhogo, la kijivu, limeganda kwa unyevu. Chini ya feni ya prosesa alikuwepo mjusi, kakauka, mkia umekunjwa vizuri kabisa. Mpwa akacheka. Mimi nilikuwa nasoma kibandiko cha pawa saplai. Wati 240.

Si ajabu. Kompyuta nyingi za mezani zinazofika mikononi mwetu ni za ofisi, zimeshatumika Ulaya au kwingineko, nyingi zinapitia Dubai, zikafika Kariakoo, kisha zikapakiwa basi kuja Mtwara. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, na ndugu zao. Ni mashine imara, mimi nazipenda, zimetengenezwa kwa karani anayeandika barua mwaka mzima bila kuzima. Lakini aliyeziunda hakumfikiria kijana wa Chikongola anayetaka kuiba magari ndani ya gemu usiku. Zile nyembamba zina pawa saplai ndogo ya umbo lake peke yake, huwezi kuingiza ya kawaida. Nyaya zake zinakwenda kwenye madabodi na kwenye diski, basi. Ule waya wa ziada wa pini sita au pini nane unaotakiwa na kadi yenye nguvu, haumo. Na nafasi yenyewe ya kuchomekea ni ya kadi fupi. Ile ya feni mbili aliyoipenda ingehitaji seremala.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo mzizi wa yote. Ile sloti ya madabodi inayopokea kadi imeruhusiwa kutoa wati 75, si zaidi. Kadi inayokula zaidi ya hapo lazima iletewe umeme kwa waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Ndiyo maana ukiulizwa kadi gani inakufaa, jibu halianzii dukani. Linaanzia kwenye kibandiko kile ulichokuwa hujakisoma.

Mwenye kisanduku chembamba asiyetaka kukibadilisha ana milango michache. Upo GeForce GTX 1650 wa mwaka 2019, gigabaiti 4, unaokula wati 75, na matoleo yake mafupi yapo. Upo RTX 3050 wa gigabaiti 6 uliotoka Februari 2024, wati 70, hauhitaji waya wowote, na huo ndio ningeutafuta kwa tochi. Unaponunua mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka wa gigabaiti 6, toleo fupi, kwa sababu wa gigabaiti 8 uliotangulia mwaka 2022 unakula wati 130 na utarudi nao palepale kwenye shida. Radeon RX 6400 nayo ni fupi na inakula kidogo, ila inazungumza na madabodi kupitia njia nne tu, na kwenye mashine ya zamani njia hizo zinakuwa nyembamba. Ni kama kivuko kizuri kilichojengewa gati la kupokea watu wawiliwawili.

Mpwa akauliza: "Kwani mjomba, nikitafuta pawa saplai kubwa nikaiweka nje ya boksi?"

Nimeona watu wamefanya. Nimeona pia watoto wadogo wanapita hapo miguu peku. Sipendi.

Na hata umeme ukipatikana, kuna prosesa. Ile ya kwake ni i5 ya mwaka 2013, viini vinne, mzee mwenye adabu zake. Kumfungia kadi kubwa ni sawa na kwenda Msimbati ukachukua mtumbwi wa gogo moja, ukaufunga nyuma injini ya boti. Injini itanguruma, mtumbwi hautakwenda kwa kasi hiyo, na huenda ukapasuka. Kadi inakaa inasubiri prosesa imwambie cha kuchora. Umelipia nguvu ambayo nusu yake imelala.

Tuje kwenye hii inayoitwa kadi ya kati. Si ile ya chini ya kuonyesha tu maandishi, wala si ile ya wenye hela zao inayouzwa bei ya pikipiki mpya. Watengenezaji wenyewe wana daraja hilo na bei zake walizitangaza. GTX 1060 mwaka 2016 ilitangazwa kwa dola 249. RTX 2060 mwaka 2019, dola 349. RTX 3060 mwaka 2021, dola 329. RTX 4060 mwaka 2023, dola 299, na RTX 5060 mwaka 2025, dola 299 vilevile. Hizo ni bei za Marekani, kabla ya meli, kodi na faida ya kila mkono uliopitisha.

Shika dola 300. Hata ukiibadilisha kwa shilingi 2,500 tu, ni laki saba na nusu. Katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024 korosho ghafi zilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na tulishangilia. Kwa bei hiyo nzuri, kabla ya makato, kadi moja ni zaidi ya kilo 185. Ni magunia mawili ya kilo 80, na bado hayatoshi. Nilimfanyia mpwa hesabu hii kwa sauti, kwa sababu ninamjua aliyeziokota. Dada yangu huziinamia moja moja chini ya mkorosho, mgongo anakandwa usiku. Sikumkataza kununua. Nilitaka ajue anachokibeba mfukoni ni nini.

Kwa hiyo wengi wetu tunaangukia mtumba. Na mtumba wa kadi una historia yake. Kwa miaka kadhaa watu duniani walijaza maghala kwa kadi za picha, si kwa gemu, bali kwa kuchimba sarafu za mtandaoni, hasa Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadili mfumo wake, uchimbaji wa kadi ukafa siku moja, na kadi zikamwagwa sokoni. Nyingine ziliungwaungwa upya, zikapakwa zikang'aa, zikaingia kwenye njia zilezile za biashara zinazotufikia sisi.

Watu wanaziogopa sana kadi za machimbo. Mimi siziogopi kiasi hicho. Kadi iliyokaa kwenye joto lilelile mchana na usiku huchosha feni na zile pedi za kupitisha joto, vitu vinavyobadilishwa. Ninayoiogopa zaidi ni kadi iliyolala mwaka mzima kwenye nyumba ya pwani bila kuwashwa. Hewa yetu ina chumvi. Mashine inayowashwa kila siku hujikausha yenyewe; iliyofunikwa kitambaa masika yote inaoza kimyakimya. Ukiishika kadi, usianze kuangalia taa. Igeuze, angalia ule ukingo wa dhahabu unaoingia kwenye sloti. Ukiona madoa ya kijani, pitisha ukucha taratibu. Kijani kikibaki pale pale, mrudishie mwenyewe. Tazama skrubu: kama vichwa vimechubuliwa, imeshafunguliwa, uliza na nani. Inuse. Zungusha feni kwa kidole. Ikikwaruza au ikichezacheza kwenye mhimili wake, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Mafuta mafuta yanayovuja pembeni mwa chuma cha kupozea mara nyingi ni ya zile pedi, yasikutishe, lakini nayo ni hoja ya bei.

Halafu kuna uongo mtupu. Kuna kadi zinauzwa kwa jina la GTX 1050 Ti ambazo ndani yake mna chipu ya mwaka 2010 au 2011, mtu kabadili programu yake ya ndani ijitaje kwa jina la mdogo wake. Ukiichomeka, kompyuta inaamini. Gemu haiamini. Dalili moja ni lile tundu la bluu la VGA. Kizazi cha 1050 Ti hakitoi ile picha ya zamani ya VGA, kwa hiyo ukiliona tundu hilo kwenye kadi inayojidai ni ya kizazi hicho, shtuka. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, tangu mwaka 2018 inazitambua kadi nyingi za namna hii na kuziandika wazi kwamba ni bandia. Iweke kwenye flashi, uende nayo dukani. Muuzaji mwaminifu hatanuna.

Na kuna uongo wa nusu. RX 580 halisi ina viini vidogo vya kuchorea 2304. Kuna nyingine imeandikwa RX 580 lakini mwishoni ina maandishi 2048SP, na hiyo kwa kazi ni ndugu wa RX 570. Muuzaji husahau kuyasoma maandishi ya mwisho. Nyingine ni P106-100, iliyotengenezwa kwa uchimbaji tu, haina hata tundu moja la kuchomekea kioo. Kijana mmoja wa hapa mjini aliletewa, akaizungusha mikononi akitafuta pa kuchomeka waya mpaka akadhani kuna kifuniko cha kubandua.

Hapo kwenye kioo hebu nisimame kidogo. Wengi bado tuna vioo vya ofisi vyenye VGA pekee. Kadi za leo zinatoa HDMI na DisplayPort. Utahitaji adapta inayobadilisha picha yenyewe, si waya tu wa kubadili umbo la kichwa. Na kama kioo chako ni kile kidogo cha nukta 1366 kwa 768, kadi ya laki saba itakuchorea picha ambazo kioo hakina pa kuziweka. Nunua kioo kwanza, mwanangu. Kilicho cha 1920 kwa 1080 ndicho kipimo cha kadi za kati zote ninazozitaja leo.

Sasa wananiuliza, mjomba taja moja.

Kama una kisanduku kipana, cha kawaida, chenye pawa saplai ya kweli ya wati 450 au 500, na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu au Ryzen ya rika hilo, mimi nasema Radeon RX 6600. Ilitoka Oktoba 2021, ina gigabaiti 8, inakula wati 132, waya mmoja wa pini nane. Kwa mtumba ndiyo inayonipa usingizi. RX 580 ya 2017 inakula wati 185 na inaachwa mbali sana na hii. Kama hela ni ya kununua mpya, RTX 4060 inafaa, wati 115 tu, na ina ule ujanja wa kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa hesabu bila jicho kuona sana.

Kama wewe ni yule kijana mwenye studio, unayehariri video za harusi na unyago mchana na kucheza usiku, RTX 3060 ya gigabaiti 12. Inakula wati 170, najua, lakini programu nyingi za video zinaelewana na NVIDIA vizuri zaidi, na hizo gigabaiti 12 utazitumia. Hakikisha ni ya 12, maana ilifuatiwa na ndugu yake wa 8 asiyelingana naye.

Za Intel, zile Arc, ni nzuri kwa bei. B580 ya Desemba 2024 ilitangazwa dola 249 na gigabaiti 12. Lakini zinadai madabodi ya kisasa yenye kipengele cha Resizable BAR. Kwenye mashine yetu ya mwaka 2013 zitakuwa pambo.

Na GTX 1060 na hiyo RX 580, ambazo zililea kizazi kizima cha wachezaji? Ziheshimiwe, zipumzike. NVIDIA walitoa draiva za mwisho za gemu kwa kizazi cha 1060 Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. Alan Wake 2 ya mwaka 2023 ilitoka ikiwa inadai uwezo ambao kadi hizo hazinao. Indiana Jones ya Desemba 2024 haianzi kabisa bila kadi yenye mitambo ya kufuatilia mwanga. Ukikuta 1060 kwa bei ya mbuzi mdogo na unachocheza ni GTA V na mpira, sawa, chukua. Kwa mpira kwa kweli hakuna haja ya fujo: wenye gemu ya FC 24 walipendekeza GTX 1660. Nilipomuuliza mpwa wangu anacheza nini zaidi, akafikiri, akakubali kwa aibu kidogo kwamba ni mpira. Saa saba kati ya kumi.

Nimeliacha la umeme wa LUKU hadi sasa makusudi, kwa kuwa ndilo wauzaji hawalitaji kamwe.

Kompyuta yenye kadi ya kati ikiwa inacheza gemu, pamoja na kioo, chukulia wati 250. Saa nne kila usiku ni uniti moja. Kwa mwezi, uniti 30. Unasikika mzigo mdogo. Lakini nyumba nyingi zetu zipo daraja la D1, wale wa matumizi madogo, ambao uniti 75 za mwezi wanazipata kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na ya ziada kwa shilingi 350. Ukiendelea kuzidi, unatoka D1 unaingia T1, na huko kila uniti, ya kwanza hadi ya mwisho, ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo.

Chukua nyumba yenye friji ndogo, feni, televisheni na taa, inayotumia uniti 50. Ilikuwa inalipa shilingi 5,000. Kijana ameleta kadi, uniti zimekuwa 80. Mwezi wa kwanza inalipa 9,250. Ikishahamishiwa T1, uniti zilezile 80 ni shilingi 23,360. Zote hizo bila kodi na tozo. Kadi haijavunja chochote, imecheza mpira tu, lakini mama mwenye nyumba anasimama mbele ya mita anajiuliza friji ina ugonjwa gani. Nimeona ndugu wakinuniana kwa jambo hili, na friji ikafunguliwa na fundi bure.

Kwa hiyo tofauti ya wati 185 za RX 580 na 132 za RX 6600 si ya kwenye karatasi tu. Na kuna dawa ya bure. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, funga fremu kwenye 60 kwa sekunde. Kioo cha kawaida hakionyeshi zaidi ya hizo. Usipofunga, kadi itachora fremu 140 ambazo 80 zake hakuna binadamu atakayeziona, na utazilipia zote, kisha utalipia feni ya kukupepea kwa joto lililotoka humo. Desemba, kabla ya mvua, chini ya bati, chumba chenye kadi ya wati 170 si chumba cha kulala tena.

Umeme wenyewe unapanda na kushuka. Stabilaiza nzuri inunuliwe siku moja na kadi. Wengi wanafungua kifuniko cha sipiyu na kuielekezea feni ya mezani; naelewa, lakini mchanga na chumvi vinaingia mkono mmoja. Bora kuifunga na kuipuliza kila mwezi.

Neno moja la safari. Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 550, na barabara hiyo tunaijua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika kule Somanga na vifurushi vikalala njiani. Ukinunua sipiyu yenye kadi nzito ndani, mwambie muuzaji aichomoe, aifunge peke yake kwenye sponji. Kadi inayoning'inia kwenye sloti ikitikiswa usiku kucha kwenye buti la basi hufika imevunja sloti, na hapo umepoteza vyote viwili. Na kumbuka gemu moja siku hizi huweza kuzidi gigabaiti 100. Kwa bando la simu hiyo ni hela ya kadi nyingine. Najua mnagawana kwa diski. Sikuuliza zimetoka wapi.

Mpwa wangu tulimaliza naye hivi. Kile kisanduku chembamba kimeuzwa kwa mwalimu anayetaka kuandikia mitihani, kazi kiliyozaliwa nayo. Kanunua kisanduku kipana cha mtumba chenye prosesa ya kizazi cha nane, ambacho kinapokea Windows 11 pia, maana Windows 10 ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Pawa saplai mpya, wati 500. RX 6600 ya mtumba. Taa nyekundu hazimo. Alinuna siku mbili, ya tatu akaja akala.

Ombi langu ni kwa wenye maduka hapa Mtwara. Wekeni mashine moja kaunta, imewashwa, yenye gemu moja nzito ndani yake. Mteja akitaka kadi, mchomekeeni, mwacheni acheze dakika ishirini mbele yenu kabla hajahesabu hela. Nimepiga hesabu ya umeme wake kwa bei ya T1, pamoja na kodi na tozo. Ni shilingi 30.